Sanduku la Mwalimu: Upesi Gani, na Hadi Wapi?

Barua za mwezi huu zimenifikia kwa kila njia. Nyingi zimekuja kwa simu. Moja imeletwa na nahodha wa mashua ya abiria, ameikunja ndani ya kofia yake, na nyingine nimetiwa mkononi sokoni huku nachagua ndimu. Karibu wote walioandika ni watoto wa kidato cha nne wanaodurusu, na wamekwama kwenye fungu lile lile: sura ya kemia ya kasi ya mimenyuko (vitu kukutana na kugeuka vitu vipya) na mimenyuko ya kwenda na kurudi. Sura hiyo nimeifundisha miaka 31, na kosa ni moja tangu nilipoanza hadi nilipostaafu. Mwanafunzi huulizwa mmenyuko unakwenda upesi gani, yeye akajibu unafika wapi. Au huulizwa unafika wapi, akajibu upesi. Ukiyatenga maswali haya mawili kichwani mwako, nusu ya sura umeimaliza.

Najua karatasi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, itakuja kwa Kiingereza. Jambo likikukaa kwa Kiswahili, Kiingereza chake ni kazi ya jioni moja. Likikukaa kwa Kiingereza cha kukariri tu, mwenye kutunga mtihani akiligeuza kidogo utaduwaa.

*Shikamoo Mwalimu. Kitabu kinasema mmenyuko ukifika kwenye msawazo, wa kwenda na wa kurudi una kasi sawa. Mimi nikaandika kwamba vitu vya pande zote mbili vinakuwa sawa, nusu kwa nusu. Nimekosa alama mbili na sijaelezwa kwa nini. — Kidato cha nne, Mokowe*

Marahaba, mwanangu. Wewe una bahati, jibu lako liko mlangoni. Nenda ukasimame gatini Mokowe asubuhi, uangalie mashua. Tuseme katika saa moja watu 200 wanavuka kwenda Amu (Lamu) na watu 200 wanavuka kurudi. Idadi ya watu Amu haibadiliki, na ya Mokowe haibadiliki. Je, hiyo ina maana Amu na Mokowe zina watu sawa? Hata kidogo. Kilicho sawa ni uvukaji. Idadi ya kila upande imetulia tu, na imetulia pale ilipotulia, iwe kubwa huku na ndogo kule.

Kisha tazama jambo la pili. Anayepita kwa mbali akahesabu watu wa Amu jana na leo atasema hakuna lililotokea. Lakini nyuso zimebadilika: fundi wa jana amerudi kwao, muuza mboga ameingia. Ndivyo chembe zilivyo. Msawazo wa kemia si wa vitu vilivyolala. Ni wa shughuli mbili zinazofutana.

Mfano mwingine uko kwenye friji ya dukani. Chupa ya soda iliyofungwa haionyeshi povu, ukidhani imelala. Ndani yake gesi ya kaboni dioksidi inatoka kwenye soda kuingia ile nafasi ndogo ya juu, na nyingine inatoka juu kurudi kwenye soda, kwa kasi moja. Fungua kifuniko: zinazotoka hazirudi tena, zimeshakwenda zake mtaani. Acha hadi jioni uonje, utapata maji ya sukari. Kwa hiyo pigia mstari sentensi hii: pakiwa na gesi, msawazo unahitaji chombo kilichofungwa. Nitairudia mwishoni kwa sababu kuna babu mmoja wa Matondoni anayenidai jibu.

Katika karatasi andika kasi *sawa*, viwango *visivyobadilika*. Usiandike viwango sawa.

*Mwalimu, tulifanya jaribio la msalaba chini ya bika, sodiamu thayosalfeti na asidi. Grafu yangu ilitakiwa inyooke, imetoka kama njia ya punda. Pia niliulizwa kwa nini joto linaongeza kasi, nikaandika chembe zinagongana mara nyingi zaidi. Nimepewa nusu ya alama. — Kidato cha nne, Mpeketoni*

Tuanze na grafu, maana hiyo ni ya karatasi ya tatu, ile ya maabara, na karatasi ya tatu ndiyo inayowaokoa wengi. Jaribio lenyewe ni hili: thayosalfeti ikikutana na asidi ya haidrokloriki, salfa inatokea kama unga mweupe wa manjano unaotia ukungu kwenye maji, na unapima sekunde hadi msalaba uliouchora kwenye karatasi chini ya bika usionekane tena.

Najua ulipoharibu bila kukuona, kwa kuwa wanaharibu mahali pale pale. Ulipopunguza thayosalfeti hukuongeza maji kujaza pengo, kwa hiyo kina cha maji kikawa kidogo, na jicho likatazama kupitia ukungu mwembamba zaidi. Ukitumia sentimita za ujazo 50 za thayosalfeti mara ya kwanza, kisha 40, tia na maji 10. Ukitumia 25, tia maji 25. Jumla isitikisike. Maji yatangulie, asidi iwe ya mwisho, na saa ianze asidi inapoingia. Bika iwe moja, imesuuzwa. Na jicho liwe la mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kuona kundi la wasichana wanne wakipokezana kutazama, kila mmoja na jicho lake, na mmoja wao alikuwa ameacha miwani bwenini.

Kisha usichore muda wenyewe dhidi ya ukolezi (wingi wa thayosalfeti ndani ya maji) ukatarajia mstari ulionyooka. Muda unapanda kasi inaposhuka. Chora moja gawanya kwa muda. Tuseme thayosalfeti kamili imechukua sekunde 30: kasi yako ni 1/30, yaani 0.033. Ukipunguza ukolezi hadi nusu, tarajia karibu sekunde 60, yaani 0.017. Ukipata 45, usiipinde grafu ili imfurahishe mwalimu. Rudia. Na ukimaliza mwaga upesi, suuza, fungua madirisha, kwa sababu jaribio hili linatoa gesi ya salfa dioksidi, na wenye pumu wanaijua kabla ya pua zenu.

Kwa jaribio la joto, wenzenu wa bara wanaanza na maji ya nyuzi 20. Huku kwetu maji ya bomba yenyewe yanakaribia 30, basi msinipashie hadi 30 mkasema mmepasha. Anzeni na yaliyopo, kisha 40, 50, 60. Na kipimajoto msome baada ya kuchanganya, maana asidi baridi inashusha.

Sasa ile nusu ya alama. Ulichoandika ni kweli, ila ndiyo sehemu ndogo ya ukweli. Ukipandisha joto kwa nyuzi 10, kwa mfano kutoka 25 hadi 35, mwendo wa wastani wa chembe unaongezeka kwa chini ya asilimia 2. Lakini kwa mimenyuko mingi kasi inakaribia kuwa maradufu! Asilimia 2 ya kugongana haiwezi kuleta maradufu. Kuna kitu kingine.

Mnaujua mlango wa Mkanda, ule wa kupitia kati ya Manda na bara. Maji yakitoka, fungu linabaki juu na mashua zinangoja. Maji yakianza kujaa, zinapita chache zenye tako jembamba. Yakiongezeka shubiri moja nyingine, ghafla kundi zima lililokuwa linangoja linapita. Maji hayakuongezeka maradufu. Yameongezeka kidogo, ila kidogo hicho kimewavusha wengi waliokuwa wamekaribia. Ndivyo lilivyo joto. Kila mmenyuko una fungu lake, kiasi cha chini cha nishati ambacho chembe lazima ziwe nacho zinapogongana ili zimenyuke. Zikipungukiwa zinadundana tu na kuachana. Joto likipanda kidogo, chembe zinazofikia kiasi hicho zinaongezeka sana. Andika hilo, kisha ndipo uongeze la kugongana mara nyingi. Alama zote utapata.

Na hiyo ndiyo sababu wavuvi hawachezi na barafu. Samaki anayeharibika kwa nyuzi 30, ukimshusha hadi sifuri umerudi nyuma hatua tatu za nyuzi kumi kumi. Nusu ya nusu ya nusu ni moja ya nane. Ni makadirio tu, uozo una mambo yake na vijidudu vyake, lakini nahodha yeyote atakwambia hesabu haiko mbali.

*Mwalimu, kichocheo cha chuma kinaongeza amonia kwenye kiwanda, ndiyo au hapana? Rafiki yangu anasema ndiyo. Na kama baridi inaongeza mavuno, kwa nini wanachoma hadi 450? — Wawili tunaobishana, Malindi*

Wewe unayesema hapana, mnunulie rafiki yako mahamri, maana kushinda kwa kemia kusivunje urafiki.

Turudi Mkanda. Badala ya kungoja maji yajae, chukua majembe uchimbe fungu. Sasa mashua zinapita hata maji yakiwa haba. Zinapita zinazokwenda, na zinapita zinazorudi, kwa sababu mlango ni mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya kichocheo: kinalishusha fungu. Kwa kuwa kimelishusha kwa pande zote mbili, kasi ya kwenda na kasi ya kurudi zinaongezeka kwa kipimo kimoja, na msawazo unabaki pale pale ulipokuwa. Unafikiwa mapema, basi. Kiasi cha amonia kwenye msawazo hakiongezeki hata tone.

Amonia yenyewe: naitrojeni moja na haidrojeni tatu zinatoa amonia mbili. Molekuli nne za gesi zinakuwa mbili, kwa hiyo ukikaza shinikizo mfumo unakimbilia upande wenye molekuli chache, yaani upande wa amonia. Hapo shinikizo la juu ni zuri. Mmenyuko wa kwenda unatoa joto, kilojuli 92 kwa kila moli mbili za amonia, kwa hiyo ukipoza unausukuma kwenda mbele. Hapo baridi ni nzuri. Sasa mbona hawapozi? Kwa sababu mavuno mengi yatakayofika baada ya mwaka hayamlishi mtu. Baridi inakupa *wapi* pazuri na kukunyima *upesi*. Nyuzi 450 na shinikizo la angahewa 200 hivi, pamoja na chuma, ni bei waliyoafikiana, kama mnunuzi na muuzaji wa mbuzi: hakuna aliyepata alichotaka chote. Kisha wana ujanja mwingine ambao wanafunzi husahau kuutaja: mchanganyiko ukitoka wanaupoza, amonia inakuwa majimaji na kuondolewa, na naitrojeni na haidrojeni zilizobaki zinarudishwa ndani. Kila ukiiondoa amonia, mfumo unatoa nyingine kujaza pengo.

Historia yake inasikitisha kidogo. Henri Le Chatelier, Mfaransa ambaye kanuni yake ndiyo hii mnayokariri, kwamba msawazo ukisukumwa huelekea upande unaopunguza msukumo huo, alijaribu kuunganisha gesi hizo mwaka 1901. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mchanganyiko, mtambo ukalipuka, naye akaiacha kazi hiyo. Fritz Haber akaonyesha kwamba inawezekana mwaka 1909, Carl Bosch akaifanya ya kiwanda, na kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza mwaka 1913. Mbolea ya yurea inayomwagwa mashambani Mpeketoni inaanzia kwenye amonia. Mwenye kanuni hakuipata; waliofuata kanuni yake wakaipata.

Mkiulizwa kuhusu asidi ya salfuriki, mambo ni hayo hayo, ila kichocheo ni oksidi ya vanadiamu na shinikizo halikazwi sana, kwa kuwa hata bila kukazwa zaidi ya asilimia 95 ya salfa dioksidi inageuka salfa trioksidi. Kwa nini mtu alipe mabomba mazito ili apate kilichokwisha kupatikana?

*Bi Mwalimu, mimi si mwanafunzi, ni mama wa mwanafunzi. Binti yangu ananiambia papai ninalotia kwenye nyama ya mishkaki ni kichocheo. Kweli? — Malindi*

Kweli, dadangu, mpe pongezi zake. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini za nyama, na chenyewe hakiliwi katika kazi hiyo. Kikimaliza kukata hapa kinahamia pale. Ndiyo maana kipande kidogo kinatosha, na ndiyo maana ukikisahau usiku kucha asubuhi unakuta uji. Ila vimeng'enya ni vichocheo vyenye madeko: ukitia papai kwenye mchuzi unaotokota kinaharibika kabla hakijafanya lolote. Kitie nyama ikiwa mbichi. Na papai lililoiva halina nguvu hiyo ya bichi, kwa hiyo usilipoteze, lile.

*Mwalimu, shuleni kwetu vifaa ni haba na zamu ya maabara haifiki. Nifanye nini nyumbani nione kasi kwa macho? — Kidato cha tatu, Faza*

Nenda pwani uokote makombe, ukubwa wa kucha. Ni kalsiamu kabonati, ndugu wa marumaru ya kitabuni. Chukua mawili yanayolingana. Moja liache zima, la pili litwange kwenye kinu (kisha kioshe kinu kabla mama hajakiona). Tia kila moja kwenye gilasi yake, mimina siki ya kiasi kimoja. Utaona unga unachemka povu papo hapo na kombe zima linatoa viputo kimoja kimoja. Kombe ni lile lile na siki ni ile ile. Kilichoongezeka ni uso wa kukutania. Ukitaka ukolezi, gilasi ya pili changanya siki na maji nusu kwa nusu. Ukitaka joto, weka gilasi moja kwenye bakuli la maji moto.

Maabara wangekupa asidi ya haidrokloriki. Wakikuuliza kwa nini hawakukupa asidi ya salfuriki na marumaru, ni kwamba inaanza kwa vishindo kisha inazimika: kalsiamu salfeti inayotengenezwa haiyeyuki vizuri, inalifunika jiwe kama koti, asidi isilifikie. Niandikie sekunde ulizopata.

*Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Shuleni tumefundishwa kwamba kuchoma chokaa ni mmenyuko wa kwenda na kurudi. Nilipomwambia, alicheka sana, akasema tangu azaliwe hajaona chokaa ikirudi kuwa jiwe. Nani mkweli? — Kidato cha nne, Matondoni*

Marahaba. Barua hii nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa imenirudisha utotoni.

Nami nimekua kando ya tanuri. Mjomba wangu alipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, akaacha shimo katikati la kutilia moto, na juu yake akarundika mawe ya matumbawe hadi likawa kama kilima. Moto aliuwasha jioni. Sisi watoto tulikatazwa kusogea, tukasogea. Asubuhi moshi ukiisha alikuwa akiokota jiwe kwa koleo, akaliacha lipoe, akalipima mkononi, akasema: "Hili limeiva," au, "Hili bado zito." Nilidhani ni uganga. Miaka mingi baadaye, kidato cha nne, mwalimu akaandika ubaoni CaCO3 → CaO + CO2, yaani jiwe linakuwa chokaa na gesi ya kaboni dioksidi, nikafanya hesabu, nikaduwaa kwenye dawati. Kila kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimeruka angani zikiwa gesi. Jiwe limebaki na umbo lake na kupoteza karibu nusu ya uzito. Mkono wa mjomba ulikuwa mizani.

Sasa swali lenu la kwenda na kurudi. Chukua jiwe hilo hilo ulifungie kwenye chombo cha chuma kisichopumua, ukipashe. Gesi itatoka, itajaa, na kadiri inavyojaa nyingine itakuwa inaingia tena kwenye chokaa na kuifanya jiwe. Mwishowe kutoka na kurudi kutalingana, na hapo jiwe na chokaa vitakaa pamoja humo kama wapangaji. Kwa karibu nyuzi 900 shinikizo la gesi hiyo linafikia lile la angahewa. Tanuri la babu yako halikufungwa. Gesi ilichukuliwa na upepo mara tu ilipotoka, haikupata nafasi ya kurudi, na mmenyuko ukaendelea kwenda hadi mwisho. Mjomba hakupenda kuwasha usiku wa shwari. Tulidhani anautafutia moto hewa. Alikuwa anautafutia moto hewa, na bila kujua alikuwa anaufagia upande wa kulia wa mlinganyo.

Haya ya wingi kusukuma mmenyuko aliyatambua mapema Claude Louis Berthollet, aliyekwenda Misri na Napoleon mwaka 1798. Kwenye maabara ya Ufaransa magadi na chumvi ya kalsiamu vilitoa kalsiamu kabonati na chumvi ya kawaida, basi. Kando ya maziwa ya magadi ya Misri akaona kinyume chake: chumvi ilikuwa nyingi mno juu ya mawe ya chokaa, na magadi yanajitengeneza yenyewe. Akaelewa kwamba mmenyuko hauna amri ya kwenda upande mmoja. Wingi nao una neno. Na huyo Le Chatelier niliyemtaja juu, ambaye kanuni yake ni ya mwaka 1884, alikuwa mhandisi wa madini aliyetumia sehemu kubwa ya kazi yake kwenye saruji na chokaa. Ndiyo maana namwona kama jamaa wa mjomba.

Kabla sijafika kwa babu, onyo. Chokaa iliyotoka tanurini ukiitia maji inatoa joto kali. Nilipoanza kufundisha nilitaka kuwaonyesha watoto. Nikaazima ndoo ya plastiki kutoka jikoni mwa shule, nikatia mabonge, nikamimina maji kwa madaha. Ikafoka, ikatoa mvuke, kisha mbele ya watoto arubaini ndoo ikaanza kulegea na kuinama upande mmoja kama mzee aliyesinzia barazani. Sakafu bado ina alama. Mpishi hakunisemesha hadi muhula ukaisha, na alikuwa na haki. Msifanye nyumbani. Tone lake likiingia jichoni linaweza kupofusha.

Chokaa ile iliyokwisha kunywa maji, Ca(OH)2, ndiyo inayochanganywa na mchanga na kupakwa ukutani. Na hapo ndipo safari ya kurudi inapoanza, mwanangu. Hewa tunayovuta ina kaboni dioksidi kidogo mno, karibu sehemu 4 katika 10,000. Lakini kwa joto hili letu la kawaida, jiwe haliachii gesi yake ila kwa shinikizo dogo lisilo na kifani, kwa hiyo hata hizo 4 ni nyingi kupita kiasi. Msawazo umelalia upande wa jiwe kabisa. Chokaa ukutani inanyonya gesi ile ile iliyofukuzwa tanurini, inatoa maji, na inakuwa CaCO3 tena. Kwa swali la *wapi*, jibu ni jiwe. Kwa swali la *upesi gani*, jibu ni taratibu sana: gesi ni haba, na lazima ijipenyeze kwenye ukuta mnene kupitia matundu yasiyoonekana, huku ukuta ukiwa na unyevu kidogo, kwani ukikauka kabisa kazi inalala.

Nililiona kwa macho yangu. Tulipopigisha lipu upya ukuta wa uani hapa mtaani Mkomani, mwaka uliofuata fundi alirudi kupitisha bomba, akabandua bonge la ukubwa wa andazi. Nikamwomba. Nilikuwa na kichupa cha fenoftalini kimebaki tangu siku za shule, ile dawa isiyo na rangi inayogeuka waridi ikikutana na alkali. Nikadondosha kwenye ule mkato. Ngozi ya nje haikubadilika rangi hata kidogo: hapo hapakuwa na chokaa tena, palikuwa jiwe. Ndani pakawa waridi iliyokolea. Fundi akarudi hatua moja akauliza kama nyumba inatoka damu.

Kwa hiyo mwambie babu salamu zangu, na umwambie jiwe alilichoma akalirudisha, na kila jioni akikaa barazani analiegemea. Nje limeshafika. Ndani, ikiwa ukuta ni mnene, huenda bado liko njiani. Na umuulize, kwa niaba yangu, yeye alikuwa akichagua usiku wa upepo gani kuwasha tanuri.